Trei Namba Saba na Maktaba ya Wifi

17 Februari

Mvua imewahi mwaka huu, na paa la kibanda cha mume wangu limeungana nayo. Mume wangu ni dobi. Kabla ya saa nne alikuwa ameshahamishia kamba zake zote kwenye chumba changu cha mashine ya kutotolesha, kwa kuwa ndicho chumba pekee cha nyumba hii chenye joto mchana na usiku.

"Shuka za hoteli hazisubiri jua, mke wangu."

Nikamwambia asidondoshe maji kwenye nyaya za umeme, mengine nikanyamaza. Ndoa ni kupeana nafasi, ingawa kila mara nafasi inayotolewa ni yangu. Mayai yameingia jana: trei kumi na mbili, kila trei themanini na nane. Elfu moja hamsini na sita.

23 Februari

Mvua. Maji kwenye mashine kama kawaida: jagi moja asubuhi, jingine jioni.

27 Februari

Nimemulika mayai. Yenye mbegu ni 958. Hiyo ni zaidi ya tisini kwa mia. Majogoo wa mtu aliyeniletea mayai haya wanajua kazi yao. Mvua.

2 Machi

Mvua, na shuka za hoteli. Nikitaka kufungua mashine lazima nipite kama mtu anayetoka nyuma ya pazia jukwaani.

8 Machi

Leo nimeaibika.

Vifaranga 507. Kati ya mayai 958 yenye mbegu! Ni hamsini na tatu kwa mia. Msimu wa mvua wa mwaka jana nilipata themanini, na mwaka juzi themanini na mbili, kwa mashine hiihii na mikono hiihii.

Mfugaji wangu mkubwa alifika saa tatu na maboksi yake, maana kwangu mteja huja na maboksi. Anachukua theluthi mbili ya vifaranga vyangu vyote vya mwaka. Alihesabu, kisha akanitazama.

"Mama Vifaranga, tulipatana mia saba na hamsini."

"Naona, Mzee. Naona kama unavyoona."

"Banda nimelitandika pumba za vifaranga mia saba na hamsini. Sasa kwenye hizo pumba nyingine nimlaze nani?"

"Wengine watakuja."

"Nitakupa duru moja tena. Ikitoka hivi, naenda kwa yule mwenye kiwanda mji wa pili. Sina ugomvi na wewe. Lakini banda tupu haliniulizi tumejuana miaka mingapi."

Kilichoniuma ni kwamba ana haki. Akiondoka yeye, ile mashine kubwa nitaifunika turubai na kurudi kwenye boksi la balbu na blanketi nililoanzia. Lile boksi hakuna aliyenifundisha. Nilichoma mayai, nikagandisha mayai, mpaka nikajua. Sasa nimejua, na mayai yamenigeuka.

Alipoondoka nikapasua yale ambayo hayakuanguliwa. Vifaranga ndani wamekamilika, wana manyoya, wana kucha, mdomo umeelekea panapotakiwa. Wamezama. Yaani wamezama ndani ya yai kwenye maji yao wenyewe. Nilipasua arobaini nikaacha.

9 Machi

Sikuandika kitu. Hiki si kitu.

11 Machi

Mume wangu karudi kutoka kupeleka mashuka, na kaja na habari. Kwenye lango la chuo, hapo mtaa wa pili, wamebandika tangazo: kila Jumatano majirani wanakaribishwa kutembelea maktaba, waonyeshwe huduma zake na mitambo yake mipya, na wakitaka wapewe kadi.

"Nenda ukasome kuhusu mayai," akasema.

"Maktaba ile ni ya wifi yangu."

"Ni ya chuo. Shemeji anafanya kazi tu."

Anajua vizuri ninachosema. Mimi niliacha shule nikauza mayai ya kuchemsha ili mdogo wangu asome. Akasoma, akaoa msomi mwenzake, mkutubi, na tangu waoane, miaka tisa sasa, yule mwanamke hajawahi kukanyaga chumba changu cha mashine. Anakuja nyumbani, anakaa sebuleni amenyooka kama pasi iliyosimamishwa, anauliza hali za watoto, anaondoka. Mashine iko hatua chache kutoka kiti anachokalia! Ningekuwa nafuga kasuku wa kusoma vitabu, angeingia.

"Siendi," nikasema.

13 Machi

Nimekwenda.

Tulikuwa sita: mstaafu mmoja mwenye macho mabovu, mwalimu wa chekechea, fundi simu, wanandoa wawili wasioachana mikono, na mimi. Mlangoni kulikuwa na pipa la kuwekea miavuli na zulia la kufutia viatu, na mlinzi aliyesimamia vyote viwili kama yuko mpakani. Tone moja la maji haliingii humo. Kisha nikaona atakayetutembeza ni nani. Nusura nigeuke.

"Karibuni," akasema wifi. Macho yetu yakakutana. "Karibu, wifi." Mbele ya watu wote. Sasa ningeondoka vipi?

Nitasema ukweli: ile maktaba ni kitu. Kuna mashine ambayo mstaafu aliwekewa gazeti juu yake ikaanza kumsomea kwa sauti. Akafunga macho akasikiliza mpaka mwisho wa ukurasa. "Inanisomea vizuri kuliko mke wangu," akasema. "Yeye huruka michezo." Kuna vyumba vya vioo vya kukaa watu wanne na mazungumzo yao, unaweka nafasi kwa simu. Kuna kompyuta za kutafutia kitabu kiko rafu ipi, na nyingine za kutafutia makala ambazo haziko pale kabisa, ziko vyuo vingine huko, na ukiomba wanakutumia nakala. Kuna hata rafu ya kuazima vifaa: vikokotoo, taa za mezani, tepu za kupimia.

Halafu kuna meza ya kujiazimia mwenyewe. Unaweka rundo la vitabu juu yake bila kufungua hata kimoja, na kioo kinaandika majina yote kwa pamoja. Wenzangu walipiga makofi. Mimi sipigii makofi kitu ambacho sijakijaribu. Nikachukua vitabu vitano, na ndani ya kile kikubwa kabisa nikaficha kijitabu chembamba cha kurasa chache, nikaweka rundo mezani. Kioo kikaandika: sita.

Wifi alikuwa ameniona. "Kila mwaka yuko mmoja anayeijaribu," akasema. "Mwaka jana alikuwa mhasibu wa chuo."

Nilitaka kununa lakini sura ilikataa.

Mwisho akatupeleka chumba cha vitabu vya zamani. Kidogo, hakina dirisha, na pembeni kuna mashine kama friji fupi inayonguruma. Fundi simu akauliza ni ya nini.

"Inanyonya maji kwenye hewa," wifi akasema. "Msimu wa mvua hewa yenyewe imeloa. Tukiacha, karatasi inakunywa, inavimba, inaota ukungu." Akavuta droo ya chini ya mashine: maji yamejaa, ndoo nzima. "Haya ni ya tangu jana asubuhi. Hakuna aliyeyamwaga humu. Yametoka hewani."

Ukutani kulikuwa na kipimaunyevu, saa ndogo ya mviringo: hamsini na nne. Akatoa kingine cha mkononi, akasogea nacho mlangoni, akakisubiri. Themanini na tatu.

Wenzangu wakaendelea mbele. Mimi nikabaki naitazama ile ndoo. Nimekaa na mvua mwezi mzima, na kila siku asubuhi na jioni naongeza jagi la maji kwenye mashine yangu, sawasawa na wakati wa kiangazi hewa inapokauka mpaka midomo inapasuka.

"Wifi," nikamwambia, "yai linapumua?"

Hakucheka. Akasema, "Sijui. Njoo Jumamosi tutafute."

14 Machi

Kipimaunyevu cha mashine yangu kilikufa zamani. Sikukibadilisha kwa sababu majagi mawili yalikuwa yanatosha.

16 Machi

Nimekaa maktaba kuanzia saa nne mpaka wanafunga. Nina kadi! Picha yake ni ya mtu anayedai kitu.

Wifi hajui yai, lakini anajua kuuliza. Mimi niliandika kwenye kompyuta "vifaranga kufa" nikaletewa magonjwa ya dunia nzima. Akaniuliza: wanakufa siku gani? Wanakuwaje? Kavu au mbichi? Kila nilichojibu alikiandika, na kila alichoandika orodha ilipungua, mpaka ikabaki miongozo minne. Uliotufaa ulikuwa kwenye chuo kingine, cha mifugo. Akaomba nakala, na kabla ya saa nane kurasa thelathini zilikuwa zimeingia.

Yai linapumua. Kwa siku kumi na nane za kwanza linatakiwa kupoteza uzito, kama kumi na mbili au kumi na tatu kwa mia, na kinachopotea ni maji. Hewa ikiwa imeloa, maji hayatoki. Kifaranga anakosa nafasi ya hewa na anazama siku ya kutoka. Kwa hiyo unapima. Mizani! Miaka yote hii napima joto, nahesabu mayai, nahesabu vifaranga, na yai lenyewe sijawahi kuliweka kwenye mizani.

Tukiwa tunasubiri nakala zichapwe, nikaona nitoe la moyoni, maana nilikuwa nimeshiba adabu.

"Wifi, miaka tisa hujaingia kuona kazi yangu. Unaishia sebuleni."

Akanitazama kama nimemwuliza kwa nini hatembei juu ya maji. "Mlango wako umeandikwa."

"Umeandikwa nini?"

"Marufuku kuingia asiyehusika. Kwa rangi nyekundu."

"Hilo ni la wateja! Wananiletea magonjwa kwenye viatu!"

"Na mimi nahusika na nini humo?"

"Wewe ni wifi yangu!"

"Haijaandikwa 'isipokuwa wifi'." Hakuwa anatania. "Kazi yangu mimi ni kubandika matangazo na kuomba watu wayatii. Nikianza kuchagua ya kutii, nitamwambia nini mwanafunzi mwenye soda mkononi?"

Sijawahi kuona mtu wa namna hii. Nilimjibu kwamba mtu mwingine angebisha hodi. Akasema mtu mwingine angemkaribisha. Nakala zikatoka, bado za moto.

Ameniazimia kipimaunyevu cha akiba, kwa kadi yake mwenyewe, kwa kuwa hakimo kwenye vifaa vya majirani.

18 Machi

Mayai 1,056 yameingia. Duru ya Mfugaji. Nimechagua trei namba saba, iliyo katikati, kuwa trei ya kupima. Mayai yake themanini na nane, bila trei, ni gramu 5,104. Maji: hakuna. Jagi nimelifungia kabatini.

19 Machi

Mvua.

22 Machi

Mvua. Nimeota naipima mvua.

25 Machi

Siku ya saba. Trei namba saba ilitakiwa iwe imepoteza kama gramu 248. Nimepima mara tatu, mara ya tatu nimemwita mume wangu asome namba kwa sauti.

"Elfu nne mia tisa themanini na tatu."

Gramu 121. Nusu! Haikufika nusu! Wala tone la maji sijatia. Kipimaunyevu ndani ya mashine kinasema sabini na moja, kama vile nimekaa namwagilia bustani.

Nilikunja ule mwongozo, nikachukua mwavuli, nikaenda maktaba kugombana. Nilimkuta wifi anamwonyesha mwanafunzi katalogi. Sikusubiri.

"Vitabu vyako vimesema toa maji. Nimetoa. Yai halijakauka. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha: mimi nikikosea ni ujinga, kitabu kikikosea ni nini?"

Mwanafunzi akasogea kando polepole. Wifi akachukua ule mwongozo, akaunyoosha ulipokunjika, halafu akasema, "Mashine inavuta hewa kutoka wapi?"

"Chumbani. Itavuta kutoka wapi?"

"Chumba kina unyevu kiasi gani?"

Nilikuwa nimepima ndani ya mashine tu.

"Sisi kile chumba cha vitabu tulikihangaikia mwezi mzima," akasema, "mpaka tukagundua mfanya usafi anaanika vitambaa vya kudekia nyuma ya mlango." Kisha akachukua mkoba. "Nina saa moja ya mapumziko. Naruhusiwa kuingia?"

"Ukiacha kuniuliza hivyo," nikamwambia, "twende."

Mlangoni alisimama mbele ya yale maandishi mekundu mpaka nikamshika mkono. Akachovya viatu kwenye dawa, vizuri kabisa, mpaka visigino. Akaingia. Hatua mbili tu, shuka ya hoteli ikamfunika uso.

Alitoka nyuma yake nywele zimeloa. "Wifi, hizi ni nini?"

"Shuka. Za mume wangu. Kibanda chake kinavuja."

"Tangu lini?"

Nikafungua mdomo kujibu, na jibu likanifikia kabla sijalisema. Tangu mvua ya kwanza. Mwaka jana kibanda kilikuwa hakivuji. Mwaka juzi hakikuvuja. Wifi alinyanyua kipimaunyevu katikati ya kamba, tukakitazama wote wawili kama thamometa ya mgonjwa. Themanini na nane. Chumba changu kilikuwa kimeloa kuliko mtaa unaonyeshewa.

Shuka arobaini kwa siku. Nilipima moja ikiwa mbichi na nyingine ikiwa kavu, nikazidisha. Nilikuwa natoa majagi mawili, mume wangu anaingiza ndoo mbili.

Mume wangu aliingia, akaona sura zetu. "Nimefanya nini?"

"Umekausha shuka," nikasema, "kwenye mapafu ya mayai yangu."

"Hamkusema mayai yana mapafu!"

Wifi akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Nilisikia mtu mwingine anacheka pia, nikakuta ni mimi.

26 Machi

Shuka zote nje. Mdogo wangu na mume wangu wapo juu ya paa la kibanda tangu asubuhi, mmoja anapigilia mabati, mwingine anatoa ushauri. Mimi nimewasha feni, nimefungua dirisha la juu, na kuwasha jiko la mkaa sebuleni ili hewa inayoingia ipate joto kwanza. Hapana, jiko nimeliondoa; wifi amepiga simu akasema moshi wa mkaa utaua vifaranga na sisi pia. Nimetumia pasi mbili kubwa za umeme za mume wangu, zimesimama juu ya tofali. Zinafaa kuliko shuka.

Nimepiga hesabu: ili nifike angalau kumi na moja na nusu kwa mia, trei namba saba lazima ipoteze gramu arobaini na mbili kila siku. Kawaida ni thelathini na tano.

28 Machi

Ndani ya mashine: arobaini na nne.

29 Machi

Nimemulika. Yenye mbegu 952. Trei namba saba nimeimulika bila kutoa hata yai moja, nisiharibu hesabu ya uzito wake. Wifi alikuja baada ya kazi. Nilizima taa, nikamwekea yai kwenye tochi, akaona mishipa na kitu kinachoruka katikati.

"Anasogea," akasema.

"Wewe hukuwahi kumwona?"

"Wapi?"

Nikamwachia amulike trei nzima ya nne. Ni mpole sana, yai moja analipa muda wa matatu, lakini hakukosea hata moja. Ningemwajiri.

1 Aprili

Zimepotea gramu 410. Arobaini na moja kwa siku tangu shuka zitoke. Mume wangu amesema anatarajia shukrani. Nimemwambia mtu anayechomoa mwiba alioupanda mwenyewe halipwi. Lakini nimempikia anachopenda.

Mfugaji amepita njia akaniuliza hali. Nikasema nzuri. "Hata mwezi uliopita ulisema nzuri," akajibu, akaenda zake.

5 Aprili

Siku ya kumi na nane. Gramu 582. Kumi na moja na nukta nne kwa mia. Mwongozo unasema kumi na mbili. Nukta sita nimezikosa, na nimekaa nimeshika tama kwa ajili ya hizo nukta sita.

Sasa kituko: siku hizi tatu za mwisho ndipo maji yanapotakiwa, ngozi ya ndani isikauke ikamfunga kifaranga. Nilisimama na jagi mkononi, mkono ukakataa. Nikampigia wifi simu kazini.

"Nisomee tena ukurasa wa kumi na tisa."

Akausoma. Nikamwambia arudie. Akarudia, polepole, kama ile mashine ya mstaafu. Nikamimina.

7 Aprili

Yai la kwanza limetoboka saa kumi na moja jioni. Trei namba saba. Sisemi kitu.

8 Aprili

Kufika saa tatu chumba kilikuwa kelele tupu. Wifi aliomba ruhusa kazini akaja kuhesabu nami. Yeye anahesabu kumikumi, mimi tanotano, tukakutana mwisho kwenye namba moja. 781. Themanini na mbili kwa mia. Nikahesabu tena, si kwa kutomwamini. Nilitaka tu kuisikia mara ya pili.

Nilipasua yale yaliyobaki. Wachache walikuwa wamezama, hizo ndizo nukta zangu sita. Wengine sababu zao wanazijua wenyewe.

Mfugaji alifika mvua ikinyesha, akashusha maboksi yake mlangoni. Manne. Boksi moja hubeba vifaranga mia.

"Mzee, maboksi manne?"

Akatazama pembeni. "Nilichukua hesabu ya mwezi uliopita, nikatoa mvua ya mwezi huu."

"Basi hesabu yako imepungua mia tatu na hamsini."

Akachungulia ndani. Kisha akavua kofia, akajikuna kichwa. "Sasa hao wengine nitawabebea mifukoni?"

"Nisubirini," akasema wifi. Akachukua mwavuli akatoka, na kabla hatujamaliza kujaza boksi la tatu akarudi na mlinzi wa maktaba wakisukuma kitoroli cha kubebea vitabu, kimefunikwa nailoni. Juu yake maboksi tupu ya vitabu vipya, magumu, makavu kabisa. Mume wangu akachukua bisibisi akaanza kutoboa matundu ubavuni, wifi akitandika karatasi za nakala zilizoharibika, na mimi nikipanga hamsini hamsini. Maboksi saba. Kila moja lina mchoro wa mwavuli ubavuni.

Mfugaji akaugusa kwa kidole. "Huu mwavuli wa nini?"

"Maana yake kilicho ndani hakitakiwi kuloa," wifi akamjibu.

Tulipakia yote kwenye gari lake lisilo na turubai. Akayatazama, akatazama mbingu, kisha akavua koti lake la mvua na kuyafunika, akayabana pembeni kwa kamba ya dobi. Akaingia garini shati limeshagandana na mgongo.

Alipofika mwisho wa mtaa akasimama, akatoa kichwa dirishani.

"Mama Vifaranga! Duru ijayo mia nane!"

"Basi uje na maboksi manane!"